Somo: Kuijua chaji ya ioni kwa jedwali la elementi, na la kufanya pale jedwali linapokuacha njiani

Ioni ni atomi, au kundi la atomi, lenye chaji kwa sababu ya kutoa au kupokea elektroni. Anayekariri chaji za elementi moja moja huandika MgCl mahali pa MgCl₂ siku ya mtihani, na hana cha kumwonyesha kwamba amekosea. Chaji nyingi hazihitaji kukaririwa kabisa. Zinahesabika. Chache hazihesabiki, na hizo zina njia yake. Weka jedwali la elementi mbele yako, kalamu mkononi, twende.

Hatua ya 1: Tafuta idadi ya elektroni za ganda la nje

Namba ya kundi ndiyo inayokupa. Jedwali la sasa lina makundi 1 hadi 18. La vitabu vya zamani lina I hadi VII na 0. Kama lako ni la sasa, kundi la 1 lina elektroni 1 nje, la 2 lina 2, na kuanzia la 13 unatoa 10: alumini (13) ina 3, oksijeni (16) ina 6, klorini (17) ina 7. Kabla hujaanza angalia jedwali lako ni la aina gani, maana wapo wanaosoma "kundi la 3" la zamani kwenye jedwali jipya, wakaangukia skandi badala ya alumini.

Makundi 3 hadi 12 yaache kwanza. Tutayarudia.

Hatua ya 2: Je, elementi itatoa elektroni au itapokea?

Metali hutoa, simetali hupokea, na shabaha kwa kawaida ni kupata mpangilio wa gesi adimu (kundi la 18) iliyo karibu. Sodiamu ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1. Ikitoa ile moja inabaki na 2, 8 kama neoni. Protoni zake bado ni 11 na elektroni sasa ni 10, kwa hiyo chaji ni +1. Klorini, 2, 8, 7, inapokea moja na kuwa −1.

Lakini kwa nini sodiamu isiendelee kutoa ya pili? Hapa ndipo penye kiini cha somo zima, kwa hiyo tazama nishati inayohitajika kung'oa kila elektroni, kwa kilojuli kwa moli:

Sodiamu: 496, kisha 4562.
Magnesiamu: 738, 1451, kisha 7733.
Alumini: 578, 1817, 2745, kisha 11577.

Kwenye kila mstari kuna mahali namba inaruka ghafla. Huo ndio ukuta. Elektroni za ganda la nje zimekwisha na sasa unagusa ganda la ndani, lililo karibu zaidi na kiini cha atomi na linaloshikiliwa kwa nguvu kubwa. Mmenyuko wa kawaida wa kikemia hauna nishati ya kulipia gharama hiyo. Ndiyo maana tunapata Na⁺, Mg²⁺ na Al³⁺, wala si Na²⁺ wala Mg³⁺.

Upande wa simetali toa elektroni za nje kwenye 8: nitrojeni 8 − 5 = 3, hivyo N³⁻; oksijeni na salfa O²⁻ na S²⁻; halojeni (kundi la 17) zote zikiwa ioni peke yake ni −1. Kundi la 14 huleta shida kwa sababu kaboni na silikoni ziko katikati. Kutoa 4 ni ghali, kupokea 4 ni vigumu, basi kwa kawaida hushirikiana elektroni na jirani. Usizilazimishe kuwa ioni. Hidrojeni nayo ina pande mbili: H⁺ kwenye asidi, lakini H⁻ inapokutana na metali kali, kama katika NaH na CaH₂.

Hatua ya 3: Andika inavyopaswa

Kwenye alama ya ioni, chaji inaandikwa namba kwanza, alama baadaye, juu upande wa kulia: Ca²⁺. Namba 1 haiandikwi. Ukiandika +2, alama mbele, hiyo ni namba ya oksidisho, na msahihishaji makini atakukata.

Hatua ya 4: Metali za mpito, pamoja na stani na risasi

Metali za mpito ndizo zile za makundi 3 hadi 12 tulizoziacha. Hapa namba ya kundi haikupi jibu. Chuma kina elektroni 3d⁶ 4s², yaani sita kwenye ganda dogo la 3d na mbili kwenye ganda dogo la 4s. Zinazotoka kwanza ni za 4s, ingawa ndizo zilizojazwa kabla ya 3d; wengi huzing'oa za 3d na kuharibu mpangilio wote. Zikitoka mbili unapata Fe²⁺ (3d⁶), ikitoka moja zaidi unapata Fe³⁺ (3d⁵). Tofauti ya nishati kati ya 3d na 4s ni ndogo, hakuna ukuta mrefu kama wa sodiamu, kwa hiyo chaji zote mbili zipo.

Kariri tatu tu zenye chaji moja ya kawaida: Ag⁺ (fedha), Zn²⁺ (zinki), Cd²⁺ (kadimi). Zilizobaki zisome kutoka kwenye kampaundi yenyewe. Chukua Fe₂O₃, iliyomo kwenye kutu na kwenye udongo mwekundu. Oksijeni tatu zina −6, jumla lazima iwe sifuri, kwa hiyo vyuma viwili vina +6, kila kimoja +3. Jina lake ni oksidi ya chuma(III). Sasa jaribu Fe₃O₄: −8 kugawa kwa vyuma 3 haitoi namba kamili. Hujakosea hesabu. Ndani yake mna Fe²⁺ moja na Fe³⁺ mbili: 2 + 3 + 3 = 8.

Stani na risasi zina 2+ na 4+. Kwa risasi, 2+ ndiyo imara zaidi kwa sababu elektroni mbili za 6s hazitoki kirahisi.

Hatua ya 5: Ioni za atomi nyingi

Hizi kariri, hakuna njia ya mkato: NH₄⁺ (amoniamu), OH⁻ (haidroksidi), NO₃⁻ (nitreti), HCO₃⁻ (haidrojenikaboneti), CO₃²⁻ (kaboneti), SO₄²⁻ (salfeti), PO₄³⁻ (fosfeti).

Hatua ya 6: Sawazisha, kisha hakiki kwa vitu vya sokoni

Jumla ya chanya iwe sawa na jumla ya hasi. Ile mbinu ya kubadilishana namba, yaani namba ya chaji ya ioni moja kuwa idadi ya ioni nyingine, ni nzuri, ila inakupa Mg₂O₂ usipoifupisha kuwa MgO. Kosa jingine ni mabano. Chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)₂. CaOH₂ ina oksijeni moja tu, na hicho ni kitu kisichokuwepo.

Magadi yanayochotwa Ziwa Magadi na Ziwa Natron kwa sehemu kubwa ni trona: Na₃(CO₃)(HCO₃)·2H₂O. Sodiamu tatu, +3. Kaboneti −2, haidrojenikaboneti −1. Maji hayana chaji. Jumla sifuri. (Na jina hilo la ziwa, Natron, lina undugu na alama Na: vyote vinatokana na jina la kale la magadi.)

Shabu ya kutuliza tope la maji ni KAl(SO₄)₂·12H₂O: +1, +3, kisha −2 mara mbili. Mrututu ni CuSO₄·5H₂O. Salfeti ni −2, basi shaba ni Cu²⁺.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi wa kidato cha 3: Shikamoo mwalimu. Shaba ina 4s¹ tu. Mbona kwenye mrututu ni Cu²⁺ na si Cu⁺?

Marahaba. Cu⁺ ipo, iko kwenye Cu₂O, ile oksidi nyekundu. Ndani ya maji ndiko haidumu: ioni mbili za Cu⁺ hugeuka kuwa atomi moja ya shaba na Cu²⁺ moja. Kung'oa elektroni ya pili kunagharimu 1958 kJ kwa moli, lakini Cu²⁺ ni ndogo na ina chaji maradufu, hivyo inavuta molekuli za maji kwa nguvu na nishati inayotoka hapo inafidia gharama hiyo.

Mwalimu wa maabara: Mmumunyo wangu wa salfeti ya chuma(II), nikitia haidroksidi ya sodiamu, unatoa mashapo ya kahawia. Wanafunzi wanaandika Fe³⁺.

Wanafunzi wako wameona sawasawa, ndugu mwalimu. Mmumunyo umekaa, oksijeni ya hewa imegeuza Fe²⁺ kuwa Fe³⁺. Chemsha maji, yapoe huku yamefunikwa, tia matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ndipo uyeyushe fuwele, asubuhi ya siku ileile. Chagua fuwele za kijani. Zenye unga wa kahawia juu ziache. Mashapo yatakuwa kijani, na bado yatageuka kahawia kuanzia juu ya bomba yakiachwa, kwa hiyo waandike rangi papo hapo.

Mwanafunzi wa kidato cha 4: Na₂O₂ nimeifupisha kuwa NaO nikakosa alama. Si ulisema tufupishe?

Nilisema kwa MgO, na hapa inabidi niweke mpaka. O₂²⁻ ni ioni moja, oksijeni mbili zilizoshikana, inaitwa peroksidi. Huwezi kuikata, kama usivyoweza kukata SO₄²⁻. Hakiki: NaO ingekuwa +1 na −2, haijisawazishi. Hg₂Cl₂ iko hivyohivyo, kwa sababu zebaki mbili zimeungana kuwa Hg₂²⁺.

Mkulima anayejisomea: Kwenye mbolea ya DAP naona (NH₄)₂HPO₄, amoniamu mbili kwa HPO₄²⁻, nimeelewa. Urea je, ioni zake ni zipi?

Hazipo. Urea, CO(NH₂)₂, ni molekuli. Ikiyeyuka majini inabaki molekuli nzima. Ni kimeng'enya cha urease kwenye udongo kinachoivunja, ndipo NH₄⁺ inapopatikana. Sehemu ya nitrojeni hutoroka hewani kama gesi ya amonia ukiiacha juu ya ardhi, kwa hiyo ifukie.