Namna ya Kuisoma Historia ya Marekani kwa Jicho la Mzalendo

Mtu anayeipenda Marekani, awe amezaliwa huko au amekula kiapo cha uraia akiwa mtu mzima, huvutwa pande mbili anapofungua vitabu vya historia yake. Wako wanaomtaka awasifu waasisi wa taifa bila kuuliza swali, na wako wanaomtaka aamini kwamba maneno yao yote yalikuwa hadaa. Mimi ni mpenzi wa historia tu, lakini nimesadiki kwamba uzalendo wa kweli unaweza kusomwa na kufunzwa, na njia ninayoipendekeza ni kuzisoma nyaraka mbili mbili: waraka uliotoa ahadi, na waraka wa mtu aliyeachwa nje ya ahadi hiyo kisha akaidai.

Anza na Azimio la Uhuru lililopitishwa Julai 4, 1776. Ni waraka mfupi unaosomeka kwa kikao kimoja, ingawa wengi huishia kwenye kauli kwamba watu wote wameumbwa sawa. Endelea mpaka mwisho, kwa sababu sehemu kubwa ya waraka huo ni orodha ya mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, na katika shtaka la mwisho wenyeji wa asili wa bara lile wanaitwa washenzi wasio na huruma. Usiiruke sentensi hiyo. Imo ndani ya waraka uleule unaotangaza usawa, na anayeupenda waraka hana budi kuupokea wote.

Kisha itafute rasimu ya Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio hilo. Humo utakuta aya ndefu iliyomshutumu mfalme kwa biashara ya watumwa, aya ambayo wajumbe wa Kongresi waliifuta kabla ya kulipitisha Azimio. Jefferson aliandika baadaye kwamba ilifutwa ili kuyaridhisha majimbo ya kusini ya South Carolina na Georgia, naye mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kaa na aya hiyo kwa muda. Mara nyingi tunaambiwa kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa maadili ya leo, na ushauri huo una busara yake, lakini aya iliyofutwa inaonyesha kwamba watu wa mwaka 1776 walilijua tatizo, wakalijadili, wakaliacha.

Ukitoka hapo, soma hotuba ambayo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland na kutoroka mwaka 1838, aliitoa mjini Rochester, New York, Julai 5, 1852, kwa mwaliko wa chama cha wanawake waliopinga utumwa. Isome nzima, kwa kuwa vipande vinavyonukuliwa kila mwaka huificha hoja yake. Mwanzoni Douglass anawaheshimu waasisi kama mashujaa. Katikati anauliza sikukuu ya Julai 4 ina maana gani kwa mtumwa, na jibu lake ni kali mno. Kuelekea mwisho anashikilia kwamba Katiba, ikisomwa kama ilivyoandikwa, ni waraka wa uhuru. Shika kalamu na upige mstari kila anaposema baba zenu, uhuru wenu na sikukuu yenu, ukikumbuka kwamba watu haohao amewaita raia wenzake.

Mlinganishe na William Lloyd Garrison, mpinga utumwa aliyeichoma nakala ya Katiba hadharani huko Framingham, Massachusetts, Julai 4, 1854. Ili kumtendea haki, ifungue Katiba ya mwaka 1787 na utazame Ibara ya Kwanza, iliyofanya watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi na iliyozuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808, halafu Ibara ya Nne, iliyotaka watoro warudishwe kwa mabwana zao. Kwa maoni yangu Garrison aliitambua vizuri zaidi nia ya walioiandika, lakini Douglass ndiye aliyeona maandishi hayo yangeweza kutumiwa kufanya nini, na kwangu huo ndio uzalendo wenye kazi.

Hotuba ya Rais Abraham Lincoln huko Gettysburg, Novemba 19, 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, itakuchukua dakika chache. Toa miaka 87 anayoitaja na utafika mwaka 1776, yaani alilihesabu taifa tangu Azimio, wala si tangu Katiba. Fuatisha Marekebisho ya Katiba ya 13, ya 14 na ya 15, yaliyokomesha utumwa, yakatoa uraia na kukataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, na yaliyoidhinishwa mwaka 1865, 1868 na 1870.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana jozi yake ya kuongeza. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, ikaweka konseli Zanzibar mwaka 1837, na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, wakaleta vitambaa vya merikani vilivyofumwa kaskazini kwa pamba iliyolimwa kwa wingi na watumwa wa kusini. Usomapo habari za mashamba ya pamba, soma pia habari za misafara iliyobeba vitambaa hivyo kwenda bara kutafuta pembe za ndovu.

Mwishowe, usisome peke yako ukiweza kupata wenzako. Katika miji kadhaa ya Massachusetts watu hukusanyika kila mwaka kuisoma hotuba ya Douglass hadharani kwa kupokezana. Jambo hilo linawezekana hata sebuleni: someni Azimio kwanza kwa sauti, kisha mgawane hotuba aya kwa aya, na kwa kuwa ni ndefu, tengeni muda wa mazungumzo kabla wageni hawajaanza kuaga.