Namna ya kupiga picha mahandaki, ngome na makaburi ya vita kati ya Maktau na Taveta

Ukifika Maktau, kaunti ya Taita-Taveta nchini Kenya, saa 6 mchana na kamera mkononi, utarudi na picha za vichaka. Mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia yamekuwa yakijaa udongo kwa zaidi ya miaka mia moja, na jua la utosini hufuta kina kidogo kilichosalia. Kazi kubwa hapa ni kuvizia mwanga wa ubavuni, kisha kuandika vizuri kilichoonekana.

Anza kwa chifu au naibu wake, kisha mzee wa kijiji. Mabaki mengine yamo ndani ya mashamba ya watu, kwa hiyo piga hodi hata kama hakuna ua. Mzee huyo akikutafutia kijana wa kukuongoza, mlipe. Tembo hupita maeneo haya, na kutembea peke yako vichakani alfajiri ni hatari. Sehemu ya barabara ya Voi hadi Taveta hukatiza Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na kuingia ndani ya hifadhi kuna ada yake. Taveta ni mpakani: kamera isielekezwe kwenye forodha, polisi wala magari ya jeshi. Droni bila karatasi za mamlaka ya usafiri wa anga, iache nyumbani.

Simu nzuri inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ongeza rula ya sentimita 30, fimbo ya mita 1 iliyopakwa nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, kioo cha mkononi, daftari, stendi ya miguu mitatu na kipulizo cha kutoa vumbi. Vumbi jekundu la Taita huingia kila mahali. Ukilazimika kubadilisha lenzi, upe upepo mgongo na uinamishe kamera mdomo chini.

Mahandaki

Hapa jua huchomoza kati ya saa 12:00 na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima, na hupanda takriban nyuzi 15 kwa saa. Dakika 60 hadi 90 za kwanza ndizo zako, na nyingine kama hizo kabla ya machweo. Jua likipita nyuzi 30, kivuli cha handaki dogo kinakwisha.

Tembea kwanza mstari mzima bila kupiga picha. Handaki la vita kwa kawaida lina kona kona, ili kombora au risasi visifagie mstari wote. Mfereji ulionyooka sana huenda ukawa wa maji tu. Simama mahali ambapo mwanga unakatiza handaki, usiokimbia nalo sambamba. Panda juu kidogo, hata jiwe la mita 1 linasaidia. Weka fimbo chini ya handaki, si ukingoni, la sivyo kina hakipimiki. Kwa kamera, anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na stendi. Kwa simu, gusa sehemu yenye mwanga kisha shusha mwangaza kidogo. Usisafishe nyasi wala kung'oa mti ili picha ipendeze. Mizizi hiyo ndiyo inayoshikilia kingo.

Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta, huwapotosha wapigapicha wengi. Wanapanda kileleni, wanapiga Kilimanjaro, wanashuka. Asubuhi mlima ni safi, na baada ya saa 3 au 4 mawingu huziba Kibo, kilele chake, kwa hiyo picha hiyo ina haki yake. Lakini tarehe 12 Februari 1916, Waafrika Kusini wa upande wa Waingereza waliposhambulia na kurudishwa nyuma, mizinga ya Waingereza ilipiga kilele ilhali mahandaki makuu ya Wajerumani yalikuwa chini. Picha yenye maana huko inapigwa kwenye miteremko ya chini, ukitazama nje, kule walikotokea washambuliaji. Ndipo msomaji anaelewa kwa nini walionekana kutoka mbali.

Ngome ya Mwashoti

Kwa kuta za mawe, piga pande zote nne kutoka umbali ule ule, ukiandika mwelekeo wa dira wa kila upande. Ratiba ya jua ni muhimu kuliko lenzi: kuanzia Aprili hadi Septemba mapema jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Februari hukaa kusini. Ukuta unaotazama kusini hautapata jua kamili mwezi Juni hata ukisubiri siku nzima. Siku ya mawingu mepesi ndiyo bora kwake.

Matundu ya bunduki yanataka picha mbili: moja ya ndani iliyopimwa kwa mwanga wa ukuta, nyingine iliyopimwa kwa mandhari ya nje. Ukijaribu zote kwa picha moja, nje inakuwa jeupe tupu. Usipande juu ya kuta, mawe yake yanaweza kuporomoka.

Makaburi

Mawe meupe hudanganya kamera. Jiwe likizungukwa na majani meusi, shusha mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima (alama za +/- za kamera), la sivyo herufi zinayeyuka; likijaza picha nzima, pandisha kwa kiasi hicho, la sivyo linatoka kijivu. Maandishi yaliyofifia yamulike kwa kioo kutoka ubavuni, miale ikipita karibu sambamba na jiwe. Mtu mmoja ashike kioo hatua 2 au 3 pembeni, mwingine apige. Usipake chaki, unga wala povu la sabuni, na usisugue kwa brashi ya waya. Jiwe hulika na herufi huondoka milele. Piga jiwe lenyewe, kisha safu nzima, kisha lango. Kwenye makaburi ya Voi amelala Wilbur Dartnell, aliyepata Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kuuawa karibu na Maktau Septemba 1915. Wageni humtafuta yeye. Wapagazi Waafrika waliobebea majeshi mizigo, na kufa kwa makumi ya maelfu, hawana mawe ya kupigwa picha, kwa hiyo njia walizopita, na tuta la reli ya vita iliyotoka Voi, zipewe nafasi katika mkusanyiko wako. Vyuma vya reli vya zamani mara nyingi vina jina la kiwanda na mwaka ubavuni, na mwaka huo ni wa kutengenezwa, si wa kutandikwa.

Mibuyu na maneno ya watu

Utaonyeshwa mbuyu wenye mashimo na kuambiwa mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akidungua askari. Piga picha, andika "wenyeji husimulia", na uishie hapo. Tazama pia mpangilio wa mashimo: warina asali hupigilia vigingi kwenye mibuyu ili wapande, na vigingi vikiondoka vinaacha mashimo yenye kupanda juu kwa safu. Tembo nao huchuna magome.

Mapango yenye mafuvu ya mababu wa Wataita si ya vita. Bila ruhusa ya wazee wa ukoo, kamera ibaki mfukoni. Ukiruhusiwa, usiguse kitu.

Ganda la risasi lipige lilipo, rula ikiwa kando, uliache. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale. Chuma chochote kinachofanana na kombora kisiguswe wala kusogelewa: rudi nyuma, weka alama mbali, waarifu polisi.

Jioni ile ile yape mafaili majina kwa mtindo mmoja, mfano 2025-06-14_salaita_mteremko-mashariki_03, na uhifadhi nakala tatu, moja nje ya nyumba. Kabla ya kupandisha mtandaoni picha za maganda na vyuma, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Wachimbaji wa vyuma chakavu nao wana simu.