Jinsi ya kukokotoa fedha ambazo jimbo huzipa wilaya za shule za umma Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, fomula ya fedha za shule ukiivua maneno yake ya kisheria hubaki hesabu ya kutoa. Jimbo hukadiria gharama ya kuwafundisha watoto wa wilaya fulani ya shule, yaani eneo lenye bodi yake ya kuendesha shule. Kisha hukadiria kiasi ambacho wenyeji wa wilaya hiyo wanaweza kujichangia kwa kodi ya ardhi na majengo. Cha pili hutolewa katika cha kwanza, na kinachobaki ndicho jimbo hulipa. Muundo huu uliwekwa kwenye maandishi na wataalamu George Strayer na Robert Haig huko New York mwaka 1923, na bado ndio unaotumika sehemu kubwa ya nchi.

Ukiwa na kalamu, kikokotoo na karatasi nne za serikali, unaweza kujua mwenyewe kama bajeti ya wilaya yako imesimama vizuri. Kuzidisha na kutoa ni kazi ndogo. Shida iko kwenye namba zinazoingizwa, na zaidi ya zote hesabu ya watoto. Huko ndiko fedha hupotea kimyakimya.

Onyo moja kabla ya kuanza: namba za jimbo moja hazihami kwenda jingine. Mwaka 1973, katika shauri la wilaya ya shule ya San Antonio, Texas, na mzazi aitwaye Rodriguez, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya Marekani. Tangu hapo wanaodai usawa wa fedha za shule wamekwenda mahakama za majimbo, na kila bunge la jimbo limejitungia fomula yake. Hawaii haina hata wilaya za kulinganisha, maana jimbo zima ni wilaya moja. Mfano mkuu wa hapa ni wa California, kwa kuwa fomula yake ya mwaka 2013 inaingia yote kwenye ukurasa mmoja. Majimbo mengine yatatajwa pale yanapofanya tofauti.

Karatasi nne za kutafuta

Ya kwanza ni taarifa ya mahudhurio au uandikishaji iliyothibitishwa na idara ya elimu ya jimbo, si ile iliyo kwenye tovuti ya shule. Ya pili ni jedwali la viwango vya msingi na uzito kwa mwaka husika wa fedha. Ya tatu ni thamani ya mali inayotozwa kodi, au makusanyo yenyewe ya kodi ya wilaya. Ya nne ni muhtasari wa malipo ambao jimbo huuchapisha kwa kila wilaya. Huo wa nne uweke pembeni kwanza. Fanya hesabu yako, ndipo ulinganishe.

Mtoto anahesabiwaje?

Majimbo yana njia mbili kuu. Mengi huhesabu walioandikishwa, ama siku moja maalumu ama kwa wastani wa kipindi. Massachusetts hutazama walioandikishwa tarehe 1 Oktoba. Michigan ina siku mbili za kuhesabu, moja Oktoba na nyingine Februari: hesabu ya Oktoba ya mwaka huu hubeba asilimia 90, na ile ya Februari iliyotangulia asilimia 10.

Majimbo machache, yakiwemo California, Texas na Kentucky, hulipa kwa mahudhurio. Wastani wa mahudhurio ya kila siku hupatikana kwa kujumlisha siku zote ambazo watoto wote walikuwapo, kisha kugawanya kwa idadi ya siku za masomo. Mtoto aliyehudhuria siku 162 kati ya 180 ni 0.9 ya mtoto machoni pa fomula. Gharama za mwalimu, darasa na basi hazipungui kwa ile 0.1 iliyokosekana, na hii ndiyo sababu njia hii huziumiza wilaya zenye watoto wagonjwa na familia zinazohamahama. California huwa ngumu zaidi: mtoto aliyebaki nyumbani kwa homa, hata akiwa na barua ya daktari, huandikwa sifuri siku hiyo. Barua humwondolea kosa la utoro, lakini hairudishi fedha.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua idadi ya walioandikishwa na kuizidisha kwa kiwango kinacholipwa kwa mahudhurio. Wilaya yenye watoto 2,128 na mahudhurio ya asilimia 94 hulipwa watoto 2,000, basi. Kosa la pili ni kusahau kwamba jimbo linaweza kukubali namba ya mwaka mwingine. Tangu mwaka wa fedha 2022–23, wilaya ya California hutumia kubwa kuliko zote kati ya wastani wa mwaka huu, wa mwaka uliopita, na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Kwa wilaya inayopoteza watoto, namba ya mwaka huu karibu haitumiki kabisa. Mporomoko utaonekana kwenye fedha baada ya miaka miwili au mitatu, wakati bodi imekwisha kuajiri kana kwamba hali ni shwari.

Kiwango cha msingi na uzito

Kila mtoto ana kiwango cha msingi, yaani fedha za kuanzia kwa mwaka kabla ya nyongeza. Texas ina kimoja: dola 6,160 kuanzia 2019, kikapandishwa kwa dola 55 tu mwaka 2025 na kuwa 6,215. California ina vinne kulingana na madaraja ya shule, na hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Madarasa ya chekechea hadi la 3 huongezewa asilimia 10.4 ili madarasa yawe madogo, na la 9 hadi la 12 asilimia 2.6.

Juu ya kiwango cha msingi huja uzito, yaani nyongeza kwa mtoto ambaye kumfundisha kunagharimu zaidi. Soma jedwali la jimbo lako taratibu, kwa sababu uzito huandikwa kwa namna mbili. Ukiandikwa 0.1, ni nyongeza: zidisha kiwango kwa 0.1, kisha ujumlishe. Ukiandikwa 1.1, kiwango chenyewe kimo ndani tayari. Anayechanganya hizi mbili humhesabu mtoto mmoja mara mbili. Texas, kwa mfano, humpa mtoto anayejifunza Kiingereza uzito wa nyongeza wa 0.1, na akiwa kwenye programu ya kufundishwa kwa lugha mbili sambamba, 0.15. Kwa kiwango cha 6,215 hiyo ni dola 621.50 dhidi ya 932.25. Namna shule inavyopanga masomo hubadilisha hundi.

California ina makundi matatu: watoto wa familia za kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, na walio katika malezi ya kambo chini ya serikali. Mtoto aliye katika makundi mawili huhesabiwa mara moja tu. Idadi yao hugawanywa kwa walioandikishwa wote, kwa wastani wa miaka mitatu, na asilimia inayopatikana huendesha nyongeza mbili. Ya kwanza ni asilimia 20 ya fedha za msingi ikizidishwa kwa asilimia hiyo. Ya pili hupewa tu wilaya iliyovuka asilimia 55: ni asilimia 65 ya fedha za msingi, ikizidishwa kwa kile kilichozidi 55.

Tuchukue wilaya ile ya watoto 2,000 waliohudhuria. Ili hesabu isomeke, tufanye kiwango cha msingi kilichokwisha kurekebishwa ni dola 10,000 kwa wote, na asilimia ya watoto wa makundi hayo ni 70.

Msingi: 2,000 × 10,000 = dola 20,000,000.
Nyongeza ya kwanza: 20,000,000 × 0.20 × 0.70 = 2,800,000.
Nyongeza ya pili: 20,000,000 × 0.65 × 0.15 = 1,950,000.
Jumla: 24,750,000.

Ni dola 12,375 kwa kila mtoto aliyehudhuria. Sasa uijaribu fomula kwa kuisukuma kidogo. Mahudhurio yakipanda kutoka asilimia 94 hadi 95, watoto 21.28 huongezeka kwenye hesabu, sawa na dola 263,340. Asilimia ya makundi ikishuka pointi moja, wilaya hii hupoteza dola 170,000, kwa kuwa juu ya 55 nyongeza zote mbili husukumwa pamoja: 0.20 na 0.65 ni 0.85.

Kutokana na hilo utaona uzito wa karatasi moja ambayo wazazi wengi huiona ya bure: fomu ya kipato. Zamani ilijazwa ili mtoto apate chakula cha mchana. Tangu 2022–23 watoto wote wa shule za umma California hula bure, kwa hiyo familia nyingi hazioni sababu ya kuijaza. Fomula bado inaihitaji. Familia zinazopokea misaada fulani ya serikali hutambuliwa moja kwa moja kupitia kumbukumbu za serikali, lakini zilizobaki zisipojaza, watoto wao huhesabiwa kama wenye uwezo. Katika wilaya yetu, watoto 50 wasio na fomu hushusha asilimia kwa pointi 2.35 hivi za mwaka huo, karibu dola 399,000. Kwa kuwa wastani ni wa miaka mitatu, hasara hiyo haiji kwa mkupuo: huja kama 133,000 kila mwaka, kwa miaka mitatu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kutoiona. Fomu haiulizi hadhi ya uhamiaji. Shule inayowaeleza wazazi hivyo waziwazi, kwa lugha wanayoielewa, huikusanya.

Kutoa mchango wa wenyeji

Sasa toa. Tuseme kodi ya ardhi na majengo inayokwenda kwenye wilaya yetu ni dola 9,000,000. Jimbo litalipa 24,750,000 − 9,000,000 = dola 15,750,000.

Hapa wengi huteleza kwenye neno "thamani". Bei ya sokoni ya nyumba si thamani inayotozwa kodi. California, chini ya sheria iliyopigiwa kura mwaka 1978, thamani ya kodi haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali ibadili mmiliki. Texas huondoa kwanza sehemu ya thamani ya nyumba ya kuishi iliyosamehewa kodi, iliyopandishwa hadi dola 140,000 mwaka 2025. Angalia pia kipimo cha kodi. Baadhi ya majimbo huandika kwa mili, na mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani. Texas huandika kwa kila dola 100. Ukikosea hapo, jibu lako linaruka mara kumi.

Tena, kinachotolewa mara nyingi si kile wilaya ilichokusanya, bali kile ambacho ingekusanya kwa kiwango cha kodi kilichowekwa na jimbo. Wilaya iliyotoza kidogo haifidiwi. Massachusetts huenda mbali zaidi na kupima mali pamoja na kipato cha wakazi, jambo ambalo kwa maoni yetu ni haki zaidi: mzee mwenye nyumba ya thamani na pensheni ndogo si tajiri kwa namna moja na mwenye nyumba kama hiyo na mshahara mkubwa.

Je, mchango wa wenyeji ukizidi gharama? Kama wilaya yetu ingekusanya dola 26,000,000, California ingeiachia ziada yote, na jimbo bado lingeipa kiasi kidogo cha lazima. Texas hufanya kinyume: tangu 1993 huchukua sehemu ya ziada ya wilaya zenye mali nyingi. Kwa hiyo mkazi wa wilaya ya namna hiyo akiona kodi yake imepanda na bajeti ya shule imebaki palepale, hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa.

Jibu lako likitofautiana na la jimbo

Usikimbilie kudhani kuna wizi. Kwanza angalia kama fedha za elimu maalumu zimo. California huzipitisha kwenye mfuko tofauti, Texas huziweka ndani ya fomula. Kisha tafuta dhamana ya kutopungua, yaani kifungu kinachoizuia wilaya kupokea chini ya ilichopokea mwaka fulani wa nyuma. Illinois imejenga fomula yake ya 2017 juu ya msingi huo: kila wilaya hubaki na kiasi chake cha awali, na fedha mpya hugawanywa kwa madaraja manne kulingana na umbali wa wilaya kutoka lengo la utoshelevu, yaani kiasi kinachokadiriwa kutosha kuwafundisha watoto wake. Fungu la daraja la kwanza, lililo mbali zaidi na lengo, ni nusu ya fedha mpya, la pili asilimia 49, la tatu 0.9 na la nne 0.1. Huko, kutoa peke yake hakutakupa jibu.

Mwisho, angalia tarehe ya karatasi. Jimbo huanza kulipa kwa makadirio, halafu hurekebisha hesabu halisi zinapoingia. California huthibitisha kwanza Februari, kisha karibu na mwisho wa Juni. Wilaya iliyokadiria watoto wengi mno hukatwa tofauti hiyo kwenye malipo yanayofuata, mara nyingi katikati ya mwaka wa masomo.

Kama yote haya yamelingana na tofauti bado ipo, huenda kosa liko kwenye hesabu ya watoto. Iandikie ofisi ya fedha ya wilaya ukiomba mambo matatu: wastani wa mahudhurio kwa kila shule, idadi ya watoto wa kila kundi la uzito, na tarehe ya mwisho ya kusahihisha takwimu kwa jimbo. Hilo la tatu liulize mapema. Majimbo huruhusu marekebisho ndani ya muda maalumu tu, na muda huo ukipita, mtoto aliyesahaulika Oktoba hatalipiwa hata akikaa darasani hadi Juni.