Somo: Njia ya Kuifikia Shahada ya Uzamivu ya Misitu, Kuanzia Swali hadi Utetezi

Ndugu wanachama, nimeulizwa mara nyingi na wenzetu wa hapa Dar es Salaam ni nini hasa kinachotakiwa ili mtu apate shahada ya uzamivu katika misitu, na karibu wote huanza kwa kuuliza habari za fomu, ada na ufadhili. Hayo nitayafikia. Naomba hata hivyo tuanzie kwenye uzito wenyewe: shahada hii hupewa mtu aliyeuliza swali moja kuhusu msitu, akalijibu kwa ushahidi aliouhangaikia mwenyewe, kisha akalitetea jibu lake mbele ya wataalamu wasiokuwa na sababu ya kumpendelea. Masharti yote mtakayoyakuta katika kanuni za vyuo yamewekwa ili kupima mojawapo ya mambo hayo matatu.

Hatua ya kwanza: Pata swali kabla ya kuchukua fomu

Watu huniletea vichwa kama “Athari za ukataji miti katika Mkoa wa Pwani”. Hilo si swali. Ni eneo pana ambalo mtu anaweza kulizunguka miaka kumi asijue kama amefika au bado.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mkaa tunaopikia jijini sehemu yake kubwa hutoka katika misitu ya miombo, na miti ya miombo, kama mtondoro na myombo, ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi. Hapo ndipo swali linapoweza kuzaliwa: je, urefu wa kisiki na msimu wa kukata hubadili vipi idadi na ukuaji wa machipukizi katika miaka mitatu ya mwanzo, na je, mifugo inayochungwa humo huongeza tofauti hiyo au huifuta? Swali hili lina kitu cha kupima, lina muda wake, na jibu lake litamfaa ofisa misitu anayepanga uvunaji, hata likiwa kwamba urefu wa kisiki haubadili chochote. Kipimo ninachokitumia mimi ni hicho. Ikiwa ni jibu la upande mmoja tu ndilo litakalokuridhisha, basi hujauliza bado. Unatafuta kuungwa mkono kwa jambo ambalo umekwisha kuliamini.

Kisha soma, na usome sana. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, inayojulikana kama NAFORMA, ilikadiria misitu ya Tanzania Bara kuwa hekta milioni 48.1, na sehemu kubwa kabisa ya eneo hilo ni miombo. Kwa hiyo wengi wamekutangulia huko. Msitu wa Kitulangalo, ulio kando ya barabara ya kwenda Morogoro, umefanyiwa utafiti wa miombo kwa miaka mingi. Mwombaji asiyejua kilichokwisha kupimwa pale hujulikana katika ukurasa wa kwanza wa andiko lake, yaani mpango wa utafiti anaouomba ukubaliwe.

Hatua ya pili: Tafuta msimamizi, na chuo kitafuata

Dar es Salaam haina ndaki ya misitu, yaani kitengo kikubwa cha chuo kikuu kinachofundisha fani hiyo. Iliyo karibu ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, chuo kilichojitegemea mwaka 1984 baada ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, yako Morogoro pia, na tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024 mtu wa jijini anaweza kwenda kuonana na msimamizi asubuhi na kurejea jioni. Anayeegemea zaidi elimu ya mimea anaweza kupata msimamizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayetaka mikoko pamoja na mambo ya bahari aangalie Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho, iliyoko Zanzibar.

Nje ya nchi taratibu hutofautiana, na ni vizuri kuzijua mapema. Nchini Marekani mwanafunzi husoma kozi kwa miaka ya mwanzo, hufanya mitihani mizito ya kupimwa kama anastahili kuendelea, ndipo huruhusiwa kujikita katika tasnifu, na wapo wanaopokelewa wakiwa na shahada ya kwanza pekee. Norway hupanga miaka mitatu, ambamo masomo ya darasani ni sehemu ndogo. Sweden hupanga miaka minne, na mara nyingi mwanafunzi huajiriwa na chuo kwa mshahara. Maana yake ni kwamba unaomba nafasi ya kazi iliyotangazwa, na swali huenda likawa limekwisha kupangwa na mradi. Ujerumani uhusiano wako na profesa mmoja huwa ndio mhimili wa kila kitu.

Popote utakapoomba, mwandikie msimamizi barua ya ukurasa mmoja: swali lako, kwa nini halijajibiwa, utakusanya nini, wapi, na kwa nini unamwandikia yeye na si mwingine. Barua inayoweza kutumwa kwa maprofesa 20 bila kubadilishwa neno haijibiwi, na sioni kosa la asiyeijibu.

Hatua ya tatu: Sifa na nyaraka

Hapa sitakaa. Vyuo vyetu hutaka shahada ya uzamili inayohusiana na fani, vyeti na matokeo yote, barua za mapendekezo za watu wanaokufahamu kitaaluma, andiko fupi la utafiti na uthibitisho wa nani atakayelipa. Ikiwa shahada yako ya awali ni ya nje, ipeleke kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe, kwa sababu suala hilo likiachwa hadi wiki ya mwisho hukwamisha udahili wote. Kwa ufadhili, Jumuiya ya Madola na shirika la DAAD la Ujerumani wamekuwa wakisomesha Watanzania, na miradi ya pamoja kati ya SUA na vyuo vya nje hutangaza nafasi mara kwa mara.

Hatua ya nne: Andiko kamili na utetezi wake wa kwanza

Baada ya udahili utaandika andiko kamili na kuliwasilisha mbele ya idara. Wanafunzi huliogopa jopo hili, nami naona lingepaswa kuombwa hata lisipokuwa sharti, kwa kuwa ndiyo nafasi ya mwisho ya kusahihisha mpango kabla hujatumia fedha msituni. Hakikisha umekaa na mtaalamu wa takwimu kabla ya siku hiyo. Idadi ya viwanja vya sampuli, namna vilivyotawanywa na kitakachofanyika ikiwa kimoja kitaungua moto ni mambo yanayoamuliwa sasa. Takwimu zilizokusanywa vibaya haziokolewi na programu yoyote ya kompyuta.

Hatua ya tano: Vibali na kazi ya msituni

Hatua hii ndiyo inayokula muda kuliko zote. Mtanzania hupata barua ya chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa halmashauri ya wilaya, kisha kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Mgeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo ofisi zake ziko hapa jijini. Ukiingia hifadhi ya misitu ya Serikali Kuu, unahitaji ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukiingia msitu wa kijiji, fahamu kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanakijiji mamlaka ya kuusimamia; kwa hiyo kamati ya maliasili ya kijiji si watu wa kupitiwa kwa salamu tu. Waeleze unapima nini, uwape vijana wao kazi ya kushika tepu kwa ujira wa haki, na urudi kuwasomea matokeo.

Panga kalenda kwa mvua. Masika ya Machi hadi Mei hufunga barabara nyingi za miombo ya Pwani na Lindi, na miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, jambo linalofanya utambuzi wake uwe mgumu. Mimi nilipanga msimu wangu wa kwanza wa Rufiji kwa kufuata tarehe za fedha za mradi, nikafika Aprili, na miezi miwili ikaisha nikiwa nimekamilisha viwanja vitano. Ilinibidi nisubiri hadi kiangazi, na mwaka mzima ukasogea mbele.

Neno moja kuhusu majina. Jina la mti la Kizaramo, la Kimatumbi na la Kiswahili huweza kuwa moja kwa miti miwili tofauti, au mti mmoja ukawa na majina matatu. Kata tawi lenye majani, na maua au tunda likiwezekana, likaushe, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilinganishwe. Mzee wa kijiji anaujua mti wake bila shaka. Atakayesoma tasnifu yako akiwa Kampala ndiye anayehitaji jina la kisayansi.

Hatua ya sita: Kuandika

Kuna tasnifu ya kitabu kimoja kinachoendelea, na kuna tasnifu ya makala kadhaa zilizofungwa pamoja kwa utangulizi na hitimisho. Kwa mtu wa misitu mimi napendelea ya makala, kwa sababu kila makala hupita kwa wahakiki wa jarida kabla watahini hawajaiona. Andika sura ya mbinu ukiwa bado msituni, siku ile ile uliyopima, maana baada ya miezi sita hutakumbuka kwa nini kiwanja cha 14 kilihamishwa mita 30.

Hatua ya saba: Watahini na utetezi wa mwisho

Tasnifu hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje ya chuo, ambao huandika ripoti zao, kisha mtahiniwa huitwa mbele ya jopo. Wataanza na yale usiyoyatarajia: kwa nini hukupima udongo, kwa nini ulichagua mlinganyo huu wa kukadiria uzito wa mti na si ule. Jibu lililo la kweli, hata likiwa “Fedha hazikutosha, na hivi ndivyo upungufu huo unavyoathiri matokeo yangu”, hupokelewa vizuri kuliko utetezi wa maneno mengi. Mara nyingi hutoka na orodha ya masahihisho. Yafanye mapema, maana shahada haitolewi hadi yakubaliwe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Mimi ni ofisa misitu wa halmashauri. Je, naweza kusoma huku nikiendelea na kazi?

Marahaba. Unaweza, kwa utaratibu wa masomo ya muda usio kamili, nao huchukua miaka mingi zaidi. Kinachokwamisha si kusoma usiku, ni miezi ya kukaa msituni. Omba kwa mwajiri ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya udahili, na uchague swali ambalo eneo lake ni lile unalolihudumia, mradi kiongozi wako asiwe na mamlaka juu ya matokeo yako. Ikiwa unapima uvunaji unaousimamia wewe mwenyewe, lazima uliseme hilo waziwazi ndani ya tasnifu.

Mwanachama wa Tabata: Uzamili wangu ni wa jiografia. Nitakubaliwa?

Inawezekana, hasa ikiwa swali lako linatumia picha za setilaiti. Lakini picha huonyesha kwamba msitu umepungua bila kuonyesha ni mninga au ni kichaka kilichoondoka. Tenga muhula mmoja wa kusoma upimaji wa miti na elimu ya kukuza misitu, kisha ukakae na wapimaji msituni walau wiki tatu kabla ya kuandika andiko.

Mwanachama wa Mbagala: Je, lazima makala zichapishwe kabla ya kuwasilisha tasnifu?

Kanuni hutofautiana baina ya vyuo, kwa hiyo soma za mwaka uliodahiliwa, si alizokusimulia aliyehitimu zamani. Jihadhari na majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Makala ya humo haipitiwi na yeyote, na mtahini makini atakuuliza kwa nini uliipeleka huko.

Mwanachama wa Kibaha: Msimamizi wangu hajanijibu kwa miezi mitatu. Nifanye nini, mwalimu?

Pole ndugu yangu. Kwanza jiulize kama ulimtumia kitu kinachojibika. Sura ya kurasa 80 bila swali huwekwa kando hata na mtu mwema. Mtumie kurasa kumi na maswali mawili mahususi, ukitaja tarehe unayohitaji jibu. Akiendelea kunyamaza, mwone msimamizi wako wa pili, kisha mratibu wa masomo ya uzamivu wa ndaki, ukiwa na nakala za barua zako. Kulalamika kwa utaratibu si utovu wa heshima, na miezi yako ina thamani.

Mwanachama wa Temeke: Nataka kupima mikoko ya Rufiji. Kipenyo huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko una mizizi inayosimama juu ya kimo hicho. Napima wapi?

Swali zuri sana. Kwa mchu na mlilana, ambazo ni aina za mikoko zisizo na mizizi ya nguzo, pima kwenye mita 1.3 kama kawaida. Kwa mkoko wenye mizizi ya nguzo, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, uandike kimo hicho katika fomu, na hakikisha mlinganyo utakaoutumia ulitengenezwa kwa kupima mahali hapo hapo, la sivyo makadirio ya hewa ukaa yatapotoka. Weka alama ya rangi penye kipimo ili mwakani tepu irudi palepale. Kuhusu siku za kazi, muulize nahodha wa mashua kabla ya kupanga: wakati wa bamvua maji hupwa mbali na mikono midogo ya mto hukauka, mashua ikakwama hadi maji yajae tena, na wakati wa kujaa huingia ndani ya msitu kuliko ulivyozoea. Ingia maji yakiwa yanapwa, uanze na kiwanja cha mbali kabisa na mto, na umwachie nahodha aseme saa ya kutoka.