Namna ya Kurekebisha Nguvu ya Kufyonza ya Mashine ya Kukamulia

Mfugaji wa Kisesa au Ilemela, mkoani Mwanza, anayeona maziwa yanatoka polepole hukimbilia kuongeza nguvu ya mashine, na hapo ndipo madhara ya kiwele yanapoanza.

Baadhi ya mashine za ndoo zina geji (saa ya kupimia nguvu ya kufyonza) ya megapaskali, ambapo 0.045 ni sawa na kilopaskali 45. Anza kati ya kilopaskali 42 na 45. Usiridhike na kipimo cha kabla ya kuvisha chuchu vikombe. Tazama geji tena maziwa yanapotoka kwa wingi, na sindano ikiyumbayumba, tafuta mpira unaovuja. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo uwezo wa pampu ileile wa kufyonza hupungua huku.

Nguvu ikizidi, damu na majimaji hujikusanya kwenye ncha ya chuchu, nayo palseta (kifaa kinachobana na kuachia mipira ya vikombe), hata ikipiga mapigo 60 kwa dakika inavyotakiwa, haiwezi kuipumzisha vya kutosha. Nilimvua vikombe ng'ombe wangu mmoja geji ikiwa kwenye 0.055: chuchu za nyuma zilikuwa za zambarau, ngumu, zenye alama ya pete karibu na kiwele, naye akarusha teke nilipozigusa. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nikimlaumu kwa ukorofi. Mambo hayo yakiendelea kwa wiki kadhaa, ncha huota sugu, na vijidudu vya ugonjwa wa kiwele hupata pa kujificha.

Nguvu ikipungua mno nako si salama: vikombe huteleza, hewa huingia ghafla, na matone ya maziwa hurushwa kwa kasi kuelekea tundu la chuchu, pengine yakiwa na vijidudu kutoka chuchu nyingine.

Kwa hiyo, maziwa yakichelewa, usiguse kwanza regyuleta, yaani kifaa cha kurekebisha nguvu ya kufyonza. Safisha chuchu, kamua michirizi michache kwa mkono, kisha vika vikombe sekunde 60 hadi 90 tangu ulipomgusa, maana homoni inayoshusha maziwa huhitaji muda huo, na ng'ombe aliyetishwa huyazuia. Mipira ya ndani ya vikombe ibadilishwe kila baada ya kukamua mara 2,500 (ng'ombe mmoja akikamuliwa mara moja, hesabu moja), au mapema ikipasuka. Maziwa yakikatika, funga hewa kwanza ndipo uvue vikombe, kisha zishike chuchu mara moja: zinapaswa kuwa laini, na rangi yake ileile ya kabla ya kukamua. Zikiwa ngumu, punguza kilopaskali 2 na uzikague tena jioni.