Homoni ya Vifaranga wa Sato: Tazama Tope Kabla ya Sahani

Mnunuzi akisikia kwamba sato dume walilishwa homoni utotoni, mara nyingi humrudisha samaki kwenye beseni. Namwelewa, ila kwa samaki wa kula hofu hiyo haina msingi mkubwa. Wewe unayezalisha vifaranga ndiye mwenye jambo la kuangalia, nalo liko chini ya bwawa lako.

Sato jike hubeba mayai mdomoni na wakati huo hawezi kula vizuri. Akichanganywa na madume, bwawa hujaa watoto na wote hudumaa. Ndiyo maana vituo vya kuzalisha vifaranga, ili vipate madume karibu watupu, huwapa vifaranga wanaoanza tu kula chakula chenye methiltestosteroni, homoni ya kiume ya kutengenezwa, kwa kawaida miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Testosteroni ya kawaida, yaani homoni ya kiume ya asili, ikiliwa, ini huivunja mapema mno. Hii imeongezewa kipande kidogo cha kaboni kinacholichelewesha ini.

Kuchelewesha tu. Ini huipachika oksijeni, kisha huifunga na asidi ya glukuroni au salfeti ili iyeyuke kwenye maji, nayo hutoka kwa nyongo na mkojo. Ukiacha kulisha dawa, siku chache baadaye kinachobaki mwilini ni kidogo sana. Na kumbuka kifaranga hutibiwa akiwa hajafika hata gramu moja, lakini huliwa miezi kadhaa baadaye akiwa robo kilo au zaidi.

Kuna wanaozidisha dozi wakidhani watapata madume wengi zaidi. Mwili wa samaki una kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa za kike, na imeshaonekana kwamba dozi kubwa mno huweza kuongeza majike. Hasara juu ya hasara.

Sasa tope. Chakula kisicholiwa huzama na homoni yake, na kinyesi nacho huongeza. Bakteria wanaoweza kuila wapo. Mmoja wao, Comamonas testosteroni, amepewa jina kwa kazi hiyo hiyo. Bakteria hawa hufungua pete za steroidi, kundi la kemikali ambalo homoni hii imo, moja baada ya nyingine na kuzifanya chakula chao. Lakini njia yao ya haraka inahitaji oksijeni. Kwenye tope jeusi linalonuka kama yai viza, oksijeni hakuna. Huko kazi hufanywa na bakteria wengine kwa njia nyingine, tena polepole, na homoni inaweza kukaa wiki kadhaa. Ukiingiza kundi jipya la vifaranga hapo, au kambale, unawalisha dawa usiyoipima.

Kwa hiyo tibu kwenye matangi au kwenye “hapa”, yaani vizimba vya nyavu laini vinavyotundikwa majini, usitibu kwenye bwawa la udongo. Lisha kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na usimame uone wanamaliza. Chakula kinachozama ni fedha inayozama pia. Maji ya matangi yasiende moja kwa moja mtoni. Yapitishe kwanza kwenye bwawa la kutulia, lisilo na kina kirefu, lenye mwanga na hewa ya kutosha, halafu kwenye changarawe au mimea ya majini, ambako bakteria hushika na kufanya kazi. Msimu ukiisha, kausha bwawa hilo hadi udongo upasuke, uugeuze ili hewa iingie. Tope lake usilihamishie kwenye bwawa la vifaranga.

Anayechanganya avae glavu na barakoa, kwa kuwa homoni huyeyushwa kwenye spiriti na spiriti hupenya ngozi. Mjamzito asiishike kabisa. Chakula kilichochanganywa kiwekwe kwenye friji ndani ya chombo kisichopitisha mwanga, kiandikwe tarehe, na kisikae karibu na vyakula vya nyumbani. Kikibaki baada ya kipindi cha kutibu, usiwape kuku.