Stenti ya njia ya nyongo kwa mgonjwa wa saratani: ya kuandaa na ya kuangalia

Uvimbe wa kongosho au wa njia ya nyongo ukiubana mrija wa nyongo, macho huwa ya njano, mkojo hukolea kama chai ya rangi, choo hupauka na ngozi huwasha usiku kucha. Stenti, kijibomba cha plastiki au chuma kinachowekwa ndani ya mrija huo, huufungua. Saratani yenyewe haiigusi.

Picha ya CT ipigwe kabla, maana stenti huvuruga picha ya uvimbe. Ulizeni pia kuhusu upasuaji: anayeweza kupasuliwa karibuni, hana homa na bilirubini (rangi ya nyongo iliyo kwenye damu) haijapanda mno, mara nyingi haihitaji stenti. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, ni lazima. Nyongo isipofika utumboni vitamini K hainyonywi, hivyo damu huchelewa kuganda. Sindano ya vitamini K hurekebisha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, aseme mapema. Asile chochote kwa saa 6.

Mgonjwa hulala kifudifudi, akipewa dawa ya usingizi. Endoskopu, mpira mwembamba wenye kamera, hushushwa kupitia mdomoni hadi duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), waya huvushwa palipobana, na stenti hupitishwa juu yake huku daktari akitazama eksirei. Indomethasini mg 100 kwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari ya kongosho kuvimba, iulizieni.

Mkitoka, mjue mmewekewa ipi. Ya plastiki, yenye upana wa milimita 3 hivi, huziba kwa bakteria na tope la nyongo, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi 3. Ya chuma hutanuka hadi milimita 10 na hudumu zaidi, ila isiyofunikwa hupenywa na uvimbe, na iliyofunikwa huweza kuteleza. Bei yake ni kubwa, lakini kwa anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi 3 tungeichagua, kwani kurudia endoskopi nako ni gharama.

Siku ya kwanza, maumivu makali yanayochoma hadi mgongoni au choo cheusi ni sababu ya kurudi hospitali. Njano huisha taratibu, kwa wiki kadhaa. Bilirubini ipimwe baada ya wiki 1 au 2.

Homa na kutetemeka ndiyo hatari kubwa: huenda stenti imeziba na maambukizi yanaingia kwenye damu. Wengi hukimbilia dawa ya malaria. Pimeni malaria, sawa, lakini hata ikionekana, nendeni hospitali siku hiyohiyo, msingoje macho yawe ya njano. Antibiotiki peke yake haizibui. Stenti lazima isafishwe au ibadilishwe. Mbebe karatasi yenye tarehe na aina ya stenti.